Matangazo ya Barua Pepe Yasiyoombwa (Tanzania)

Ni ujumbe wa biashara anaotumiwa mtu asiyeuomba. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka mtumaji apate ridhaa kwanza, ajitambulishe mwanzoni na aoneshe njia ya kujitoa. Marekani, kwa sheria yake ya 2003, huruhusu kutuma mpaka mpokeaji akatae. Msimamo wa Tanzania una haki zaidi: mkulima wa iliki kule Amani, Muheza, hununua bando kwa fedha yake, na kila tangazo hulimega. Wapo wasemao kwamba sheria humbana mfanyabiashara mdogo. Sivyo: aliyepata anwani ya mteja katika mauzo anaweza kumtangazia bidhaa zinazofanana. Mtumaji wa ng'ambo, kweli, hafikiki kwa urahisi. Muuzaji aliye Tanga anafikika.