Maji Yaleyale: Historia ya Kupima Fikra za Mtoto, kutoka Geneva hadi Kanzenze

Kila anayesomea ualimu hukutana na jedwali la Jean Piaget. Tangu kuzaliwa hadi miaka 2, mtoto hufikiri kwa hisi na vitendo. Kati ya miaka 2 na 7 hutumia lugha, lakini huhukumu kwa anachokiona. Kati ya miaka 7 na 11 hutumia mantiki juu ya vitu anavyovijua kwa macho na mikono. Baada ya hapo, kijana huanza kupima dhana za mambo yasiyokuwepo. Katika insha hii nitaeleza jedwali hilo lilivyopatikana, maswali yaliyozuka lilipofika Afrika, na uzito wake kwetu tuliokulia Kanzenze, wilayani Rubavu.

Piaget alizaliwa Neuchâtel, Uswisi, mwaka 1896. Alipokuwa Paris akisahihisha majaribio ya akili, alivutiwa na makosa ya watoto kuliko majibu yao sahihi, kwa sababu watoto wa umri mmoja walikosea kwa namna inayofanana. Mwaka 1921 alihamia Geneva, na baadaye akawachunguza watoto wake watatu tangu uchanga. Jaribio lake maarufu ni la maji. Yakimiminwa kutoka glasi pana kwenda glasi nyembamba, mtoto wa miaka 5 husema yameongezeka. Wa miaka 8 husema ni yaleyale.

Je, watoto wote duniani hupita njia hiyo kwa umri uleule? Patricia Greenfield alipeleka jaribio hilo kwa watoto Wawolof wa Senegal na kuchapisha matokeo mwaka 1966. Wengi ambao hawakusoma shule walisema maji yamebadilika, hata wakiwa wakubwa. Lakini mtafiti alipowaachia wamimine wenyewe, majibu sahihi yaliongezeka sana. Swali nalo lilikuwa na athari. Mtoto asiyesoma aliyeulizwa kwa nini *anafikiri* maji yametofautiana alinyamaza. Aliyeulizwa kwa nini maji yametofautiana alijibu.

Rwanda nayo imo katika historia hii. Mwaka 1973 Adrien Pinard na wenzake walichapisha utafiti wa kuwafundisha watoto wa Rwanda na wa Kanada wanaozungumza Kifaransa jambo hilohilo la maji. Piaget mwenyewe alikuwa ameandika mwaka 1972 kwamba hatua ya mwisho huenda ikafikiwa kati ya miaka 15 na 20, na kila mtu akaionyesha katika kazi anayoimudu.

Hoja yangu ni kwamba jaribio hupima fikra pamoja na lugha na mazingira ya swali. Kwetu Kanzenze, mtoto anayewasaidia wazazi kuchambua viazi mviringo huvipanga kwa ukubwa, hutenga vya mbegu, na hujua kwamba viazi vya gunia moja havizidi vikigawanywa katika vikapu. Jioni, "Sakwe sakwe!" ikiitikiwa "Soma!", kijana hufumbua vitendawili vinavyomtaka awaze kitu kimoja kwa sura ya kingine. Mambo haya ni mantiki, ingawa hayaandikwi kwenye karatasi ya mtihani.

Suala hili ni zito leo. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kufundisha kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na Desemba 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kitumike tangu darasa la kwanza. Mtoto anayefikiri kwa Kinyarwanda huingia shuleni karibu na umri ambao, kwa mujibu wa jedwali, mantiki yake inaanza kukomaa. Akinyamaza, mwalimu atajuaje kama hajafikia hatua hiyo au hajaelewa swali?

Hivyo basi, jedwali la Piaget libaki darasani, kwani mpangilio wa hatua zake unatusaidia kuelewa makosa ya watoto. Lakini kabla mwalimu hajaandika kwamba mtoto ni mzito na arudie darasa, amuulize upya kwa Kinyarwanda, kisha ampe maji amimine mwenyewe.