Nusu ya forodha ya Mvita

Ada mpya za hifadhi za taifa, za baharini zikiwemo, zilizotangazwa Kenya mwaka 2025, zimerudisha malalamiko ya siku zote: mgeni alipishwe ngapi akija na chombo chake? Mombasa, yaani Mvita, wamelisikia swali hilo kabla Kenya haijazaliwa. Nguo za India zilizojaza maduka ya Biashara Street zilishushwa bandari ya kale, zikapitia forodhani, ndipo zikapanda mjini.

Wareno walitaka kila jahazi libebe cheti chao. Lisilokuwa nacho, lilitekwa. Walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, sultani wa Malindi waliyemhamishia Mombasa aliahidiwa thuluthi ya ushuru. Mwaka 1698 Waomani waliiteka ngome.

Kisa chenyewe hasa ni cha Februari 1824, nacho mwanahistoria Sir John Gray amekipa kitabu kizima. Wamazrui, waliokuwa wakitawala Mombasa, wakimwogopa Seyyid Said wa Oman, walimwomba Kapteni William Owen wa manowari Leven awape bendera ya Uingereza. Owen hakuwa na ruhusa ya serikali yake, lakini alikubali kwa masharti: biashara ya watumwa ikome, na mapato ya forodha yagawanywe nusu kwa nusu.

Nusu! Ni pungufu ya thuluthi mbili walizojibakizia Wareno, lakini Owen aliiomba kwa bendera asiyoidhinishwa kuitweka. Luteni John Reitz, aliyeachwa kuisimamia Mombasa, alifariki kwa homa mwaka huohuo, na jina lake likabaki Port Reitz. James Emery akashika nafasi yake, akahesabu ushuru wa majahazi yaliyoletwa na kaskazi huku wenyeji wakinung'unika. London ikakataa mpango wote. Julai 1826 Emery akaondoka.

Baadaye Seyyid Said naye, kwa mkataba wa 1833, aliwawekea Wamarekani ushuru wa asilimia 5. Tarehe 24 Mei 1887 Sultani Barghash wa Zanzibar aliwakabidhi Waingereza usimamizi wa pwani pamoja na forodha yake. Mwaka huohuo, kwa kumbukumbu zake lenyewe, ndipo lilipoanza duka la leso la Kaderdina, lenye chapa ya Mali ya Abdulla. Kisha bandari mpya ya Kilindini ikazichukua meli kubwa.

Ajabu ni kwamba Mombasa inamkumbuka Reitz kwa ghuba, na mgogoro wa nusu haukumbukwi na mtu. Siku hizi ada ya hifadhi ya baharini ya Kisite-Mpunguti hulipwa kwa eCitizen: mgeni anabonyeza simu Shimoni, hesabu inafanyika Nairobi.