Damu ya Mama Inapogombana na ya Mwana

Wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Lakini leo, ndugu wasomaji, nataka kuzungumzia damu ya mama na ya mwanawe, ambazo huweza kugombana hata kabla mtoto hajazaliwa.

Zamani kisa kilikuwa kile kile. Mama anajifungua mtoto wa kwanza salama. Wa pili anazaliwa, na siku hiyo hiyo macho na ngozi vinageuka manjano. Anafariki, au anaishi akiwa kiziwi au amelemaa viungo. Wa tatu anazaliwa mfu. Lawama zote kwa mama: ana mkosi, au amerogwa.

Ukweli ulianza kujitokeza mwaka 1939. Philip Levine na Rufus Stetson walieleza habari za mama aliyejifungua mtoto mfu, kisha akaongezewa damu ya mumewe na kudhurika vibaya, ingawa wote wawili walikuwa kundi O. Walishuku kuwa mtoto alirithi kwa baba kitu ambacho mwili wa mama ulikikataa. Mwaka 1940 Karl Landsteiner na Alexander Wiener walitangaza kitu hicho cha damu kiitwacho Rh. Aliye nacho huitwa chanya, asiye nacho hasi.

Mama hasi akibeba mtoto chanya, damu kidogo ya mtoto humwingia, hasa wakati wa kujifungua. Mwili wake huiona ngeni na kuunda askari wa kuipiga vita. Mtoto wa kwanza kwa kawaida huwa ameshatoka salama. Askari humsubiri wa pili, na kuvunja chembe zake nyekundu. Mabaki ya chembe hizo ndiyo yanayoleta manjano. Yakizidi, huharibu ubongo.

Katika miaka ya 1960 Cyril Clarke na Ronald Finn wa Liverpool, na Freda, Gorman na Pollack wa New York, walipata wazo la ajabu: mama achomwe sindano ya askari hao hao waliokwisha tengenezwa, waifagie damu ya mtoto kabla mwili wake haujajifunza vita. Mwaka 1968 dawa hiyo, Anti-D, iliidhinishwa Marekani.

Nayo haitoki kwenye mti. Hutengenezwa kwa damu ya binadamu wenye askari hao. James Harrison wa Australia alijitolea mara 1,173 hadi mwaka 2018, alipokuwa na umri wa miaka 81.

Wenye damu hasi kwetu Afrika Mashariki ni wachache, na uchache huo ndio hatari yenyewe, maana ni rahisi kusahauliwa. Mama mjamzito, uliza kundi lako kliniki. Ukiwa hasi na mtoto akiwa chanya, sindano ichomwe ndani ya saa 72 baada ya kujifungua. Hata mimba ikiharibika, mweleze daktari. Askari wakishaundwa, sindano haiwaondoi tena.

Na kichanga akiwa manjano siku ya kwanza, usimwanike juani ukingoja. Mkimbize hospitali.

Nakumbuka akina mama walioitwa wenye mkosi, kumbe hawakuwa na kosa lolote. Ilikuwa damu tu, na hakuna aliyejua kuipima. Sisi leo tunajua. Tutajitetea vipi?