Mnyapara

Mchoma mkaa wa Kisarawe hakai kulikodolea macho tanuri. Hulifukia, akaenda shambani, akarudi mara kwa mara kuziba penye ufa. Kompyuta nayo ni hivyo: katika mfumo wa Unix, ukiweka alama ya & mwishoni mwa amri, kazi inaendelea chinichini nawe unaandika nyingine. Lakini zikiwa kazi tano, hii ikiisubiri ile, nani azisimamie? Kijana mmoja wa Kibaha aliniambia programu hiyo tuiite “meneja”. Hapana. Tunaye mnyapara, aliyeongoza misafara ya Wanyamwezi, kisha vibarua wa mkonge. (Yupo hata gerezani, najua.) Mnyapara wa kompyuta hudai ripoti ya namba kutoka kwa kila kazi: sifuri maana yake imekwisha salama. Ikija namba nyingine yoyote, hatua inayofuata isianze.