Kardani ya mbele ya gari 4x4: namna ya kuitoa na kuirudisha kwenye barabara za Masisi na Walikale

Kwenye barabara za Masisi na Walikale, gari ya 4x4 inabeba wagonjwa, chanjo, vitabu vya shule na watu wanaoenda sokoni. Hospitali kuu ya Masisi, ambayo Médecins Sans Frontières ilianza kuisaidia mwaka 2007, inapokea wagonjwa kutoka milima ya mbali. Gari ikikufa njiani, mgonjwa anabebwa kwenye kipoyi. Na kwenye barabara ambazo vita imezipitia mara mingi, kulala njiani ni hatari kwa wote walio ndani ya gari.

Siyo kila mara injini njo inakufa. Wakati mwingine injini iko mzima, lakini chini ya gari kunasikika kishindo: kardani ya mbele imekata. Shofere anayejua kazi anaweza kuitoa palepale, bila garaji, na kuendelea kwa magurudumu ya nyuma. Asiyejua anaweza kuharibu bwate ya transferi, ao kuumiza mtu.

Kardani ya mbele ni kitu gani

Neno kardani linaleta mvurugo kidogo. Wengine wanalitumia kwa vyuma viwili vifupi vinavyotoka kwenye ponti ya mbele na kupeleka nguvu kwenye gurudumu la kushoto na la kuume. Hapa tunazungumza juu ya ile bomba ndefu ya chuma inayotoka kwenye bwate ya transferi, katikati ya gari, na kwenda mbele mpaka kwenye ponti. Ile inayoenda nyuma ni dada yake, na mara mingi ni ndefu zaidi.

Kila mwisho wa bomba kuna kruaziyo: msalaba mdogo wa chuma wenye vikombe vinne, na ndani ya kila kikombe kuna rulema ya sindano ndogondogo. Kruaziyo njo inaruhusu kardani kujipinda wakati ponti inapanda na kushuka kwenye mashimo. Katikati kuna sehemu ya kuteleza, yenye meno, inayofanya kardani irefuke na kufupika. Kila mwisho unafungwa kwa flanji, ni kusema sahani ya chuma yenye mabulo manne. Kwa hiyo mabulo ni nane kwa jumla.

Kwa nini inakata hapa kwetu

Sababu ya kwanza ni matope na maji. Gari ikipita mito na potopoto ya Nyabiondo ao ya Walikale, maji yanaingia kwenye vikombe na kufukuza grisi. Sindano zinaota kutu, kisha zinasagika. Vumbi nyekundu kuzunguka kikombe cha kruaziyo ni alama kwamba ndani mumekauka.

Sababu ya pili ni kuacha H4 kwenye njia ngumu. Gari kama Toyota Land Cruiser ya seri 70, ambayo iko mingi kwenye barabara zetu, haina diferensieli katikati. Ukiweka H4, ponti ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja. Kwenye matope hakuna shida, kwa sababu magurudumu yanateleza kidogo na nguvu inatoka. Lakini kwenye lami, ukikata kona, magurudumu ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma, na tofauti hiyo inakamata kardani na kuikaza. Kwa hiyo shofere anayetoka Masisi, akifika kwenye lami ya Sake kwenda Goma, anapaswa kurudi H2. Ni vilevile kwenye kipande cha lami cha Kilambo, huko Walikale, ambapo ndege ndogo zilikuwa zinatua kuchukua kasiterite ya Bisie.

Sababu ya tatu ni kuvuta kamyo iliyozama. Gurudumu linazunguka bure, kisha linakamata jiwe kwa ghafula. Pigo lote linaingia kwenye kruaziyo.

Kabla ya kukata, kardani inasema. Inapiga «tak» unapotoka H2 kwenda H4 ao unapoanza kutembea. Inatetemesha gari kwa mwendo fulani. Ukiishika kwa mikono miwili na kuitikisa, unaona kikombe kinacheza. Hapo usingoje safari nyingine.

Ikikata njiani: simama mara moja

Kama kruaziyo ya upande wa transferi imekata, kardani inabaki imefungwa kwenye ponti na kuburuta nyuma. Kama imekata ile ya upande wa ponti, ni hatari zaidi: ncha inaanguka ikiangalia mbele na inaweza kujichoma ardhini wakati gari inatembea. Tena, ikiwa bado uko kwenye H4, transferi inaendelea kuizungusha, na inaweza kupiga bomba la mazutu, la freni, ao kupasua bwate yenyewe. Usijaribu kufika kijiji kinachofuata. Kuifunga kwa kamba ya mpira nayo haitoshi. Itoe.

Jua kwanza gari yako ni ya namna gani

Angalia alama za levie ya transferi. Ukiona H2, H4 na L4, gari yako inaweza kutembea kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Ukitoa kardani ya mbele, weka H2, na safari inaendelea.

Usipoona H2, gari yako inapeleka nguvu mbele na nyuma wakati wote. Prado nyingi na Land Rover Defender ziko hivyo. Kati ya ponti mbili kuna diferensieli ya katikati. Ukitoa kardani ya mbele bila kuifunga diferensieli hiyo, nguvu yote inakimbilia upande usio na mzigo: injini inalia, gari haitembei. Mashofere wengine wanafikiri hapo ambreyaji imekufa. Funga diferensieli ya katikati, na gari itaondoka.

Kitu kingine: kwenye magari mengine, mwisho wa kardani unaingia moja kwa moja ndani ya transferi, bila flanji. Ukiivuta, mafuta yanamwagika. Hiyo inaomba kizibo, na ni vizuri kuuliza fundi mbele ya kuanza safari.

Kuitoa

Vyombo ni vichache: kle mbili za saizi moja (kwa Toyota mingi ni 14), brosi ya chuma, mazutu kidogo, nyundo, tindo ao rangi ya kuweka alama, na mfuko wa mabulo.

1. Shusha watu wote. Simamisha gari mahali pa sawasawa, weka vitesi ya kwanza, vuta freni ya mkono, na weka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Zima injini na weka ufunguo mfukoni mwako, si kwenye gari. Land Cruiser iko juu vya kutosha. Mara mingi huhitaji kriki. Kama unaihitaji, usiingie chini ya gari inayoshikwa na kriki peke yake. Kwenye udongo wa Masisi kriki inazama.

2. Weka levie ya transferi kwenye H2, na rulibre za magurudumu ya mbele kwenye FREE. Hapo kardani ya mbele inazunguka kwa mkono, na unaweza kuleta kila bulo mahali kle inafika. Usiweke levie kwenye N. Kwenye N vitesi haishiki gari tena, na gari inaweza kutembea juu yako.

3. Safisha matope kwenye flanji zote mbili. Mwagia mazutu kwenye ekru na ngoja dakika chache.

4. Weka alama. Piga mstari unaopita kwenye flanji ya kardani na ile ya ponti, mwingine upande wa transferi, na wa tatu kwenye sehemu ya kuteleza. Mafundi wengi wanaruka hatua hii, na njo inayoleta kutetemeka baadaye.

5. Legeza ekru zote nane, ukishika bulo kwa kle ya pili. Kama kardani inazunguka, izuie kwa chuma kirefu, lakini usikiegemeze kwenye greseri, ile chuchu ndogo ya kuingizia grisi, kwa sababu inavunjika. Toa mabulo ya upande wa ponti kwanza. Mtu wa pili ashike bomba wakati unatoa bulo la mwisho. Ni nzito, na inaanguka usoni.

6. Sukuma sehemu ya kuteleza ili kardani ifupike, kisha toa upande wa transferi. Usipige bomba kwa nyundo: ikipata bonde, haitazunguka sawa tena. Funga vikombe kwa skochi ili sindano zisimwagike, na uweke mabulo yote mfukoni.

Kutembea bila kardani ya mbele

Gari sasa iko na magurudumu mawili tu ya kusukuma. Weka mzigo nyuma, shusha watu kwenye mlima unaoteleza, na weka minyororo kama iko. L4 bado inaweza kutumiwa kwa nguvu ya polepole, lakini ujue kwamba nguvu yote inaenda kwenye ponti ya nyuma peke yake, usiilazimishe. Kama mvua imenyesha na mbele kuna mlima wa udongo mwekundu, kungoja ukauke ni afadhali kuliko kuvunja ya nyuma. Ikivunjika ile, gari haiendi popote.

Kuweka kruaziyo mpya na kuirudisha

Kwenye garaji, fundi anatoa siklipsi, vile vichuma vinavyozuia vikombe, kisha anasukuma vikombe kwa etoo, ile inayokamata chuma kwenye meza. Wakati wa kuingiza vipya, sindano moja ikilala chini ya msalaba, kikombe hakifiki mwisho na siklipsi inakataa kuingia. Usiilazimishe kwa nyundo. Toa, panga tena. Kazi ikiisha, kruaziyo inapaswa kugeuka bila kucheza na bila kukwama. Angalia pia kwamba greseri inaangalia mahali pompi ya grisi inafika.

Kurudisha kardani ni kufuata alama. Usijaribu kuipanga vizuri kwa macho. Kwenye kardani nyingi, uma wa mbele na wa nyuma zinalingana, lakini kuna gari ambazo kiwanda kilizipanga kwa makusudi bila kulingana. Anayezisawazisha anaharibu.

Safisha nyuso za flanji. Hata mchanga kidogo unafanya bulo lilegee. Anza upande wa transferi, ingiza mabulo yote kwa mkono, kisha kaza kwa msalaba: moja, lile la kuelekeana nalo, halafu mengine. Nguvu ya kukaza imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Ekru za kujikaza zenyewe zikiwa zimelegea, weka mpya.

Pompa grisi kwenye kila kruaziyo mpaka grisi safi itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kwenye sehemu ya kuteleza fanya kinyume: pompa kidogo. Ukiijaza kabisa, haiwezi kufupika tena. Gari ikiingia shimo, kardani inasukuma rulema za transferi na za ponti na kuziua polepole.

Jaribu gari kwenye udongo ao changarawe: rulibre kwenye LOCK, levie kwenye H4, mwendo wa polepole na wa kunyooka. Sikiliza. Baada ya kilometa 50 hivi, rudi chini ya gari na ukaze tena.

Mbele ya kuondoka

Walikale ni kubwa, na ukiiingia kutoka Masisi, kutoka Bukavu kwa Hombo, ao kutoka Kisangani kwa Lubutu, duka la pyesi liko mbali. Kruaziyo moja ya saizi ya gari yako, siklipsi zake, mabulo manne na ekru zake, na kle mbili vinaenea ndani ya sanduku la sabuni. Baada ya kila safari ya matope, osha chini ya gari na pompa grisi. Na kila shofere anayebeba wagonjwa ajaribu kuitoa na kuirudisha mara moja mchana, kwenye uwanja, pamoja na fundi. Usiku, kwenye mvua, na mgonjwa nyuma, siyo saa ya kujifunza.