Ubao wa tumboni: Accra ilicheza, Hawaii ikaandikwa



Leo tuongee juu ya historia ya mchezo mmoja wa majini: bodibodi. Mtu analala tumbo juu ya ubao mfupi, anangojea wimbi, linamubeba mpaka ufukoni. Ukiuliza ulianza wapi, utajibiwa: Hawaii, tarehe 7 Julai 1971, kwa Tom Morey.

Jibu hilo liko na ukweli. Morey alikuwa Mmarekani, alipata diplome ya hesabu mwaka 1957, akafanya kazi kwenye kampuni ya ndege ya Douglas. Siku ile alichukua kipande cha mousse ya plastiki, akakikata kwa kisu cha umeme, akakifunika na gazeti na kukipiga pasi mpaka kikapata umbo. Kisha akaingia nacho baharini. Ubao ulikuwa mwepesi na laini, hata mtoto asiyeweza kusimama juu ya ubao mrefu aliupanda. Akauita Boogie, akaanza kuuuza.

Lakini kulala tumbo juu ya ubao, si yeye alianzisha. Wahawaii walikuwa na paipo, ubao mfupi wa mti, tangu zamani sana mbele ya Morey kuzaliwa.

Na Afrika je? Hapa ndipo wengi wetu tunashangaa. Katika miaka ya 1830, msafiri Mwingereza James Edward Alexander alipita Accra. Aliona vijana wakiogelea kuingia baharini na mbao nyepesi chini ya tumbo, wakingojea wimbi, halafu wakirudi juu yake. Ni zaidi ya miaka 130 mbele ya ile pasi ya Morey! Mwanahistoria Kevin Dawson alikusanya ushuhuda wa namna hii katika kitabu chake Undercurrents of Power cha mwaka 2018.

Basi, Morey hakuiba kitu. Alileta mousse, akaweka jina, akauza, na dunia ikamkumbuka. Wale vijana wa Accra walikuwa na ufundi, ila hawakuwa na mwandishi wao. Wanajulikana leo juu mgeni mmoja aliandika mistari michache akipita.

Hapo ndipo inatugusa sisi. Goma tuko na sanamu ya chukudu katikati ya rond-point. Vizuri sana. Lakini fundi aliyechonga ya kwanza, jina lake liko wapi? Chukudu ni ya juzi tu, miaka ya 1970. Wazee walioiona ikianza tunaweza bado kuwauliza.

Wewe unayetafuta sujet ya TFC mwaka huu, acha kukopi ya mwaka jana. Chukua kalamu, enda kwa mzee, uandike jina. Usingojee msafiri.