Habari za Shinikizo la Damu Katika Nchi Zetu

Wengi wetu tukaao Kerenge na vijiji vingine vya Korogwe twadhani ya kuwa presha, yaani shinikizo la damu lililozidi, ni ugonjwa wa watu wa mjini. Mtu wa jembe akianguka ghafula, mdomo ukaenda upande, mkono na mguu vikalegea, twanena kwamba amepatwa na pepo au ametupiwa jambo na adui. Basi yafaa tuzijue habari za maradhi haya, na jinsi madaktari walivyoyachunguza katika Afrika ya Mashariki.

Kwanza kilitafutwa kipimo. Moyo husukuma damu katika mishipa, na nguvu ya damu juu ya kuta za mishipa hiyo ndiyo shinikizo lake. Mwaka 1896 Mwitalia Scipione Riva-Rocci alitengeneza mfuko wa kufungwa mkononi na kujazwa upepo, uliounganishwa na bomba la kioo lenye zebaki. Mwaka 1905 Mrusi Nikolai Korotkov akaonyesha jinsi ya kusikiliza mshipa wa mkono, sauti inapoanza na inapokoma. Ndiyo sababu mpimaji hutupa hesabu mbili: ya kwanza moyo unaposukuma, ya pili unapopumzika.

Kipimo hicho kikafika kwetu. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison alitoa habari katika gazeti la madaktari la London, The Lancet. Alikuwa amewapima watu 1,000 magharibi ya Kenya, akaona kwamba waliopita umri wa miaka 40 shinikizo lao halikupanda kama la Wazungu, bali lilielekea kushuka. Kwa miaka mingi baadaye wengi walishika wazo kwamba maradhi haya ni haba kwa Waafrika.

Je, kinga hiyo ilikuwa katika damu yetu? La. Katika miaka ya 1960 A. G. Shaper wa Makerere, Uganda, pamoja na wenziwe, waliwachunguza morani wa Kisamburu. Nyikani, kwa chakula chao cha maziwa, shinikizo lao lilikuwa la chini. Walipoingia jeshini Kenya na kula chakula chenye chumvi nyingi, likapanda. Mwaka 1990 N. R. Poulter na wenziwe waliandika habari za Wajaluo waliohamia Nairobi. Shinikizo lao lilizidi la wenzao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulionyesha chumvi zaidi. Watu walikuwa wale wale, kabila lile lile. Kilichogeuka ni chakula na maisha.

Nasi tusiseme kwamba hayo ni ya mjini tu. Mwaka 1996 na 1997 watu walipimwa Ilala, Dar es Salaam, na Shari, kijiji cha Hai katika Kilimanjaro. Mahali pote pawili, karibu watu wazima 3 katika kila 10 walikuwa na shinikizo lililozidi. Kijiji hakikuwa na nafuu kuliko mji! Na la kusikitisha zaidi, katika kila wagonjwa 5 hakutimia hata 1 aliyejua hali yake, na waliokuwa wametulizwa kwa dawa hawakufika 1 katika 100.

Kikulacho ki nguoni mwako. Maradhi haya kwa kawaida hayaumi wala hayazuii kulima, lakini huchosha moyo na kuharibu figo, hata siku moja mshipa wa kichwani ukapasuka au kuziba. Hicho ndicho kiharusi, wala si pepo.

Basi, ndugu wasomaji, tukifika zahanati kwa haja yo yote, tuombe kupimwa. Hesabu ikirudia kufika 140 juu ya 90, tumsikilize daktari. Akitupa dawa, tuitumie kila siku, wala tusiiache kwa kuwa twajiona wazima, maana uzima huo ndio kazi ya dawa. Chumvi ya mtu mmoja kwa siku isifike gramu 5, yaani kijiko kidogo cha chai. Na mtu akipooza ghafula, tusimzungushe kwa wapunga pepo. Apelekwe hospitali saa ile ile, maana kila saa ipitayo humpunguzia tumaini la kupona.